Upasuaji wa kiuno: Udogo wa jeraha si kipimo pekee



Vipo viungo vichache vya mwili vinavyofanya kazi kubwa kwa kimya kama uti wa mgongo. Mkulima ainamapo na jembe lake, mama ainukapo na ndoo ya maji, mwalimu asimamapo mbele ya ubao kutwa nzima, na karani akaapo kitini tangu asubuhi hadi jioni, wote hao huutegemea uti wa mgongo bila ya kuufikiria. Hufikiriwa siku unapouma. Na siku hiyo mgonjwa huanza kupokea ushauri wa kila namna, kutoka kwa jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake.

Miongoni mwa habari zinazoenea ni kwamba siku hizi ugonjwa wa kiuno waweza kutibiwa kwa tundu dogo tu, na mgonjwa akarudi nyumbani siku ile ile au kesho yake. Habari hizo ni za kweli. Lakini ukweli usioelezwa ukamilifu wake waweza kumpoteza mtu sawa na uongo. Wako ambao wakisikia habari hizo huwa tayari kuuza ng'ombe au kiwanja ili wapasuliwe haraka, hali maradhi yao yangepoa yenyewe. Na wako wengine, wenye kuamini kwamba kila aguswaye mgongo kwa kisu hawi mtu wa kutembea tena, ambao hujificha nyumbani mpaka wakati wa kuokoa miguu yao umepita. Makundi yote mawili yamekosea, na makosa yote mawili yana gharama kubwa. Hivyo yafaa kueleza upasuaji huu ni nini, ulitoka wapi, unamfaa nani, na haumfai nani.

MAUMBILE YA KIUNO

Kwa kawaida uti wa mgongo wa binadamu una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na 4 ndogo za kifandugu. Pingili za kiuno ni kubwa na nene kwa sababu hubeba uzito wa kiwiliwili chote.

Kati ya pingili na pingili kuna mto, ambao madaktari huuita diski. Nje ya mto huo kuna pete za nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, mfano wa maganda ya kitunguu. Ndani yake kuna kiini laini chenye maji mengi. Mto huo ndio unaomwezesha mtu kuinama, kugeuka na kuruka bila ya mifupa kusagana.

Nyuma ya diski upo mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu. Ugwe wenyewe utokao kwenye ubongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo hushuka shada la mishipa ya fahamu, ambalo madaktari hulifananisha na mkia wa farasi. Mishipa hiyo huenda miguuni, na mingine huenda kwenye kibofu, njia ya haja kubwa na sehemu za siri.

Diski ikichakaa au pete zake zikichanika, kiini chake huweza kupenya nyuma na kuubana mshipa mmojawapo. Mara nyingi jambo hili hutokea baina ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno, au baina ya pingili ya 5 na mfupa ulio chini yake. Hapo mgonjwa huhisi maumivu makali yanayotoka kiunoni, yakapita takoni na kushuka mguuni mpaka kwenye kanyagio au vidole. Huenda pia akahisi ganzi au udhaifu wa mguu. Ni muhimu kuyatenganisha maumivu hayo ya mguu na maumivu ya kiuno peke yake, kwani upasuaji wa kuondoa kipande cha diski humfaa zaidi mtu mwenye maumivu ya mguu yatokanayo na mshipa uliobanwa.

KISU CHA KWANZA

Binadamu amekuwa akiugua maumivu hayo tangu zamani, lakini chanzo chake hakikufahamika vyema mpaka karne ya 20. Mwaka 1934 madaktari wawili wa mji wa Boston, Marekani, William Jason Mixter na Joseph Barr, walichapisha maelezo kuonyesha kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayoubana mshipa na kuleta maumivu ya mguu. Kabla ya hapo, vipande vya diski vilivyoonekana wakati wa upasuaji vilidhaniwa kuwa ni uvimbe wa gegedu.

Baada ya ugunduzi huo upasuaji wa diski ulienea duniani. Njia ya wakati ule ilikuwa ya wazi: daktari alipasua ngozi kwa urefu wa kutosha, akaibandua misuli kutoka kwenye mifupa, akaondoa sehemu ya mfupa unaofunika mfereji, kisha akakitoa kipande cha diski. Wagonjwa wengi walipona. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na kasoro moja. Misuli iliyo kando ya uti wa mgongo ndiyo inayoushikilia usiyumbe. Misuli hiyo ikibanduliwa na kuvutwa kwa muda mrefu hukosa damu na huumia, na sehemu yake huweza kugeuka kuwa kovu. Hivyo ilitokea mgonjwa akapona mguu, lakini akabaki na kiuno kisichokuwa na nguvu.

Basi swali likawa hili: je, inawezekana kukifikia kipande kidogo cha diski bila ya kuharibu kila kilichopo njiani? Upasuaji wa tundu dogo umezaliwa na swali hilo. Shabaha yake ilikuwa kuinusuru misuli na mifupa, wala haikuwa kufupisha kovu ili lipendeze machoni.

FUNZO LA PAPAI

Jibu mojawapo la mwanzo lilitokana na tunda linalofahamika katika kila kitongoji cha pwani na bara. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachoyeyusha nyama. Akina mama hulijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana nyama ngumu hupikwa na papai bichi. Tanganyika ya wakati wa ukoloni iliuza nje utomvu mkavu wa papai, uliotumika kulainisha nyama na katika utengenezaji wa bia.

Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas wa Marekani aliwadunga sungura kimeng'enya hicho, akaona masikio yao yamelegea na kuanguka, kisha baada ya siku chache yakasimama tena. Gegedu la masikio lilikuwa limelainika. Daktari mwingine, Lyman Smith wa jimbo la Illinois, akawaza kwamba kama dawa hiyo hulainisha gegedu la sikio, huenda ikayeyusha kiini cha diski iliyopasuka. Mwaka 1964 alitangaza matokeo ya kuwadunga wagonjwa dawa iliyotokana na papai moja kwa moja ndani ya diski. Sindano tu, bila ya kisu!

Dawa hiyo iliruhusiwa rasmi nchini Marekani mwaka 1982, na madaktari wengi wakaikimbilia. Wagonjwa wengi walipata nafuu. Lakini wachache walipatwa na mshtuko mkali wa mwili kuikataa dawa, na wengine, wachache zaidi, walipooza miguu. Sifa ya dawa ikaporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikuuzwa tena huko Marekani. Funzo lake halikupotea. Tundu la sindano ni dogo kuliko tundu la kisu chochote, lakini madhara yake yalikuwa makubwa kwa waliopatwa nayo. Kwa hiyo hatari ya tiba haipimwi kwa rula juu ya ngozi.

KUTOKA HADUBINI HADI BOMBA

Njia ya pili ilikuwa ya kutumia macho bora. Mwaka 1967 mjini Zürich, daktari Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki, alianza kutumia hadubini katika upasuaji wa diski. Mwaka 1977 yeye, na vilevile Wolfhard Caspar wa Ujerumani, walichapisha maelezo ya njia hiyo. Hadubini hukuza na kuangaza mahali padogo penye kina, hivyo daktari huweza kufanya kazi katika jeraha la sentimita chache tu, tena kwa kubandua misuli ya upande mmoja peke yake. Njia hiyo imekuwa ndiyo kipimo ambacho njia nyingine zote hulinganishwa nacho.

Wakati huo huo madaktari wengine walitafuta mlango wa ubavuni. Parviz Kambin huko Marekani tangu mwaka 1973, na Sadahisa Hijikata wa Japani mwaka 1975, waliingiza mabomba membamba kwa kupitia upande wa mgongo, wakaifikia diski bila ya kuufungua mfereji. Mwaka 1997 Kevin Foley na Maurice Smith wa mji wa Memphis, Marekani, walieleza njia ya kupanua misuli badala ya kuibandua. Daktari huingiza kijiti chembamba, kisha juu yake hupitisha bomba, na juu ya bomba hilo hupitisha jingine kubwa kidogo, mpaka nyuzi za misuli zimesogezwa kando bila ya kukatwa. Jeraha lake ni la kiasi cha sentimita 2.

Hatua iliyofuata ni ya kutumia bomba lenye taa na kamera ndani yake, ambalo upana wake haufiki sentimita moja. Daktari huitazama kazi yake katika kioo kama cha televisheni, huku maji safi yakipita kuosha damu ili aone vyema. Picha za eksrei humwongoza njia. Mara nyingine mgonjwa hupewa dawa ya ganzi tu, akawa macho na aweza kusema pale mshipa unapoguswa.

Hizo ndizo njia zenyewe kwa ufupi. Ni kazi ya miaka mingi, iliyofanywa na watu wa mataifa mengi, nayo inastahili heshima. Lakini heshima haizuii kuuliza: je, mgonjwa hupona zaidi?

USHAHIDI WA UHOLANZI

Waliolijibu swali hilo kwa uangalifu mkubwa ni madaktari wa Uholanzi. Mwaka 2007 walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa muda wa wiki 6 hadi 12. Kwa kura, nusu walipangiwa upasuaji wa mapema. Nusu nyingine walipangiwa dawa za maumivu, mazoezi na subira, na kupasuliwa baadaye iwapo ingelazimu. Waliopasuliwa mapema walipona upesi zaidi: muda wao wa kati ulikuwa wiki 4, ambapo wa wenzao ulikuwa wiki 12. Lakini mwaka mmoja ulipotimia, watu 95 katika kila 100 wa makundi yote mawili walisema wamepona. Katika kundi la subira, watu 39 katika kila 100 ndio waliohitaji kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Waliosalia hawakuhitaji kisu.

Maana yake ni wazi. Mwili wenyewe una uwezo wa kukinywesha na kukipunguza kipande cha diski kilichotoka. Upasuaji huharakisha nafuu, na kwa mtu aliyeteswa na maumivu hilo si jambo dogo. Lakini kwa wengi ni uchaguzi, wala si lazima.

Mwaka 2009 madaktari wa nchi hiyo hiyo walitoa matokeo mengine, ya wagonjwa 328. Safari hii walilinganisha upasuaji wa kupitia bomba na ule wa kawaida wa hadubini. Wengi walitarajia kwamba bomba litashinda. Halikushinda. Waliopasuliwa kwa bomba hawakupona vizuri zaidi, na katika maumivu ya mguu na ya kiuno tofauti ndogo iliyoonekana iliwaelemea wao. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa tatu, wa wagonjwa 613, uliolinganisha bomba la kamera na upasuaji wa wazi wa hadubini. Baada ya mwaka mmoja, wale wa bomba la kamera hawakuwa nyuma ya wenzao katika kupungua kwa maumivu ya mguu.

Tafiti hizo tatu zikisomwa kwa pamoja, zinafundisha kwamba njia mpya ni njema mikononi mwa aliyeisomea, lakini haina miujiza. Kupona hutegemea kwanza kumchagua mgonjwa anayestahili, pili kuchagua wakati unaostahili, tatu uzoefu wa mkono wa daktari. Urefu wa kovu huja nyuma ya hayo yote. Aidha njia ya bomba hudai mafunzo marefu, vyombo vya bei kubwa, na mionzi ya eksrei inayomgusa daktari na mgonjwa. Mahali ambapo daktari ameizoea hadubini, si haki kumdharau kwa sababu hana bomba.

NANI APASULIWE?

Chukua mfano wa mwalimu ainamaye kunyanyua sanduku la madaftari, mara akasikia kitu kimekatika kiunoni, na kesho yake mguu wa kulia unawaka moto. Mwalimu huyo afanye nini?

Iwapo ana nguvu miguuni na haja zake zinatoka kama kawaida, subira ya wiki 6 hivi, kwa uangalizi wa daktari, ni tiba halali. Kulala kitandani wiki nzima hakumsaidii. Kutembea kidogo kidogo kadiri awezavyo, dawa za maumivu alizoandikiwa, na kazi nyepesi humsaidia zaidi. Maumivu ya mguu yakiendelea kumtesa baada ya muda huo, na picha ikaonyesha diski inayoubana mshipa ule ule unaolingana na maumivu yake, basi ana sababu njema ya kuzungumza na daktari habari za upasuaji.

Picha peke yake haitoshi. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Ni watu 36 tu katika kila 100 waliokutwa na diski zote za kawaida. Waliosalia walikuwa na kasoro hii au ile, nao hawakuumwa kitu. Daktari anayepasua picha badala ya mgonjwa aweza kuondoa kisicho na kosa.

Aidha, si kila kiuno kinachouma kina diski iliyopasuka. Katika nchi ambazo kifua kikuu kingalipo, ikiwemo Tanzania, ugonjwa huo huweza kuingia katika pingili na kuzila. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huo wa uti wa mgongo mwaka 1779. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyopoa hata usiku, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu kabla ya jambo jingine lolote. Tiba yake ya kwanza ni vidonge vinywewavyo kwa miezi mingi bila ya kukatiza.

Sasa yabaki hali moja ambayo haina subira hata ya siku moja. Mgonjwa akishindwa kukojoa au akajikojolea bila ya kuhisi, akishindwa kuzuia haja kubwa, akipata ganzi katika sehemu zinazogusa tandiko mtu apandapo baiskeli, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, huo ni mkia wa farasi uliobanwa. Mtu huyo anahitaji kufikishwa hospitali ya upasuaji upesi, kwa kuwa mishipa ikibanwa kwa muda mrefu huenda isirudi katika hali yake. Hapo haulizwi mtu kama tundu litakuwa dogo au kubwa. Huulizwa kama gari limepatikana.

Inasikitisha kwamba dalili hizo ndizo zinazoonewa haya. Mtu mzima huona aibu kumwambia hata mkewe au mumewe kwamba hana habari na mkojo wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ugonjwa huu huenda kifo kisije, lakini mtu akaishi miaka mingi juu ya kiti cha magurudumu kwa sababu ya haya ya siku mbili.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Tanzania ina Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na upasuaji wa uti wa mgongo ni miongoni mwa kazi zake. Lakini mgonjwa wengi wao huanzia mbali na Dar es Salaam, katika zahanati na vituo vya afya. Hapo ndipo anapoamuliwa nani asubiri na nani asafirishwe. Mganga wa zahanati ambaye hukumbuka kumwuliza mgonjwa wa kiuno habari za mkojo wake, na kumgusa kujua pana ganzi wapi, huweza kuokoa miguu ya mtu bila ya chombo chochote cha thamani.

Mgonjwa naye anao wajibu wa kuuliza. Kabla ya kutia sahihi, na amwulize daktari maswali manne: Ni mshipa gani uliobanwa, na je, unalingana na maumivu haya? Itakuwaje nikisubiri? Wewe mwenyewe umekwisha fanya upasuaji wa namna hii mara ngapi? Na kama kiuno peke yake ndicho kinachouma, upasuaji huu utanifaa nini? Daktari mwema hakasirishwi na maswali hayo.

Mkuu wa shule na mkuu wa idara nao wana sehemu yao. Mtumishi anayerudi kazini akiwa na karatasi ya daktari inayomtaka asinyanyue mizigo asionekane kuwa mvivu. Wiki chache za kazi nyepesi ni nafuu kwa ofisi kuliko mtumishi aliyelemaa. Na mwalimu aliye darasani awafundishe watoto kuinua mzigo kwa kukunja magoti na kuushika karibu na mwili, kwani mzigo ule ule ukishikwa mbali na mwili hukielemea kiuno mara nyingi zaidi.

Ndugu walimu na ndugu watumishi, ufundi wa tundu dogo ni neema kwa yule anayeuhitaji. Aliye na maumivu yanayopoa asikimbilie kisu kwa kuwa kimekuwa kidogo, na aliyepoteza hisia za mkojo asikikimbie kisu kwa kuwa ni kisu. Kati ya wawili hao yupo daktari wa karibu, na mlango wake ndio wa kwanza kubishwa.